Jicho Linalotoka na Kurudi

Mwaloni Kibara, saa nne asubuhi, dagaa wameanikwa mchangani na Ghuba ya Speke inameremeta. Mtoto wa miaka mitano anafumba jicho la kushoto. Haumwi. Mama yake anajua kwamba jioni, mtoto akishachoka, jicho hilohilo huteleza upande wa sikio, na akiitwa jina lake hurudi. Akipelekwa kliniki, macho yanatulia sawasawa, na mama anaambiwa arudi nyumbani, mtoto hana shida.

Mama ameona vizuri. Haya ni makengeza ya kuja na kuondoka. Ubongo wa mtoto unaweza kuyavuta macho yote mawili yatazame kitu kimoja, na kazi hiyo ni nyepesi zaidi kitu kikiwa karibu. Chumba kidogo, sura ngeni, mtoto amekaza macho kumtazama daktari: hapo jicho halitoki.

Tochi peke yake haitoshi. Julius Hirschberg wa Berlin alitufundisha, katika karne ya 19, kutazama kimulimuli cha mwanga juu ya mboni. Lakini milimita 1 ya kusogea kwa kimulimuli hicho ilihesabiwa kuwa nyuzi 7 hivi, na vipimo vya picha vilivyofanywa baadaye vikaonyesha inakaribia nyuzi 12. Ni njia ya kukisia, tena jicho liwe limeshatoka.

Kipimo cha kutegemea ni kizibo na prizimu. Mtoto anatazama picha ndogo, tuseme ya samaki, yenye mistari myembamba ya kumlazimu akaze macho. Mpimaji anaziba jicho la kulia, anahamia la kushoto, anarudi, bila kuruhusu macho yote mawili yaone pamoja hata mara moja. Kila kizibo kinapohama, jicho lililoachwa wazi linaruka kuelekea puani kuitafuta picha. Mruko huo ndio unaopimwa. Mbele ya jicho huwekwa prizimu, upande mnene ukielekea puani, na nguvu yake huongezwa hadi mruko ukome. Prizimu ya 1 hupindisha mwanga sentimita 1 kwa kila mita 1. Ya 40 ni kama nyuzi 22. Prizimu mbili zikipachikwa juu ya jicho moja hazijumlishwi kama shilingi. Pembe ya jicho kutoka ikiwa kubwa, prizimu hugawanywa kwa macho mawili.

Hayo hufanywa kwa sentimita 33, kisha kwa mita 6. Na mita 6 nazo huenda zisitoshe. Mtoe mtoto nje, mwambie atazame mtumbwi ulio mbali ziwani, upime tena. Pembe inaweza kukua. Kwingine jicho moja huzibwa kwa dakika 30 hadi saa nzima ili ubongo uache kuyavuta macho pamoja, kisha hupimwa kabla macho hayajaona pamoja.

Pembe haisemi jicho hutoka mara ngapi. Mwaka 2006 Mohney na Holmes, wa Mayo Clinic nchini Marekani, walipendekeza alama za 0 hadi 5. Jicho likiwa nje sekunde zote 30 za kuangaliwa, ni 5. Likitoka pale tu linapozibwa na kurudi chini ya sekunde 1, ni 0. Mtoto yuleyule hubadilika ndani ya siku moja, kwa hiyo wastani wa alama tatu ni bora kuliko alama moja. Hapa ndipo video ya simu ya mama, iliyochukuliwa jioni, inapostahili kuwekwa mezani.

Familia ikipanda basi kupitia Bunda, Lamadi na Magu hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, namba hizo ndizo zinazosaidia kuamua kama mtoto asubiri au apasuliwe. Kwa jedwali linalotumiwa na wengi, pembe ya prizimu 25 humtaka daktari arudishe nyuma msuli wa nje wa kila jicho milimita 6. Ya 40, milimita 8. Milimita 2 hizo zinaweza kuwa zilijificha chumbani, zikajitokeza pale tu mtoto alipotazama mtumbwi.