Mtoto wa Chonyonyo na Msamiati wa Kompyuta

Kumfundisha mtoto mdogo mambo ya mwanzo ya kompyuta ni kazi ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ya fundi wa mitambo. Pakiwapo mashine, umeme na mtu ajuaye kuziwasha, watu husema kuwa somo limekamilika. Lakini somo hilo, kama masomo yote ya awali, huanza kwa maneno. Mtoto hawezi kuiamuru mashine afanye nayo jambo asiloweza kulieleza. Na akifundishwa majina matupu bila maana, atajua kubonyeza tu, wala hatajua alichokifanya. Kwa hiyo uchaguzi wa istilahi si urembo wa somo, bali ni sehemu ya somo lenyewe.

Jambo hili huonekana wazi zaidi mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza ya nyumbani. Chonyonyo ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Lugha ya wenyeji wa Karagwe, na ya Kyerwa iliyotengwa kuwa wilaya mwaka 2012, ni Kinyambo, ambacho wenyewe hukiita Runyambo. Ni ndugu wa Kihaya na Kinyankore, na sarufi yake imeelezwa kwa kirefu na J. M. Rugemalira katika kitabu kilichotolewa mwaka 2005. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo hukikuta Kiswahili shuleni kikiwa lugha ya kufundishia, kama ilivyo katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Akifikishwa mbele ya kompyuta, hukuta maandishi ya Kiingereza. Basi ana lugha tatu za kupitia kabla hajaifikia maana moja.

Haisemwi hapa kwamba Kiswahili hakina maneno. Maneno yapo, tena pengine yamezidi. Kwa mashine yenyewe yamependekezwa majina kadhaa, na mawili yaliyoenea ni kompyuta, neno la mkopo, na tarakilishi, ambalo huelezwa kuwa limeunganishwa kutokana na tarakimu na akili. Kwa sehemu zake kuna kibodi na kicharazio, skrini na kiwambo. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Na kampuni ya Microsoft nayo ikatoa tafsiri yake baadaye. Upungufu uliosalia ni kwamba maneno hayo yalipimwa zaidi kwa sikio la mtu mzima aliyekwisha kuijua mashine. Ni machache yaliyopimwa kwa sikio la mtoto ambaye hajaigusa.

Mfano wa kwanza ni kipanya. Kwa msemaji wa Kiswahili neno hili ni jepesi: ki- ya udogo imewekwa mbele ya panya, na umbo la kifaa na waya wake humkumbusha mnyama na mkia. Katika lugha za kundi la Kihaya na Kinyankore, hata hivyo, udogo huonyeshwa kwa ka-, na eki- ikiwekwa mbele ya jina lisilo la ngeli yake huweza kuleta maana ya ukubwa au ya dharau. Mtoto aliyezoea mpango huo aweza kusikia katika kipanya jina la panya mkubwa, au la kifaa tu kama vifaa vingine, na mfano uliokusudiwa na watunga istilahi ukampita. Hili si kosa la neno wala la mtoto. Linampasa mwalimu tu aionyeshe sura ya mfano huo, asidhani kuwa neno limejieleza.

Mfano wa pili ni jozi ya kupakia na kupakua. Hapa Kiswahili kimepata bahati njema, kwa kuwa vitenzi hivi viwili hutofautiana kwa kiambishi cha kutendua, nayo maana ya kompyuta hufuata njia hiyo hiyo: kimoja cha kupeleka, kingine cha kuleta. Tena kupakua ni neno la jikoni, na mtoto wa nchi ya migomba amekwisha kuona ndizi zikipakuliwa chunguni. Lakini mfano huo una mpaka wake. Chakula kikipakuliwa, chungu hubaki kitupu. Faili likipakuliwa, lile la asili hubaki palepale, na watu elfu waweza kulipakua bila kulimaliza. Mwalimu asiyeusema mpaka huo humwachia mtoto wazo la uongo, nalo halitokani na ujinga wa mtoto bali na uzuri wa neno lenyewe. Neno lililo karibu sana na maisha huhitaji maelezo kama lile lililo mbali.

Kiwambo na kicharazio ni maneno ya namna nyingine. La kwanza latokana na kuwamba, kama ngoma inavyowambwa ngozi; la pili na kucharaza, kama mpigaji anavyocharaza ala yake. Yakielezwa, hubaki akilini. Yasipoelezwa, mtoto hana sababu ya kuyachagua mbele ya skrini na kibodi. Kwa hiyo ubora wa neno haupimwi kwa asili yake, kuwa la Kibantu au la kigeni. Hupimwa kwa msaada wake: je, mtoto akishalipata, aweza kumweleza mwenzake kilichotendeka?

Kwa kipimo hicho neno tarakilishi lina faida isiyotazamiwa, hata kama mtoto amezoea kusikia kompyuta. Linasema kwamba kiini cha mashine ni tarakimu, na jambo hilo laweza kufundishwa bila mashine yoyote. Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walitunga mazoezi ya namna hii katika miaka ya 1990. Kadi tano huandikwa madoa 1, 2, 4, 8 na 16, nao watoto watano huzishika. Kila kadi ama huonyeshwa ama hufichwa; hali ya tatu haipo. Wakitakiwa 6, huonyeshwa 4 na 2. Wakitakiwa 21, huonyeshwa 16, 4 na 1. Kwa kadi hizo tano hupatikana kila hesabu kuanzia 0 hata 31. Badala ya madoa zaweza kutumika mbegu za kahawa, zao la Karagwe. Mtoto akiiita sita mukaaga, kama lugha za ukanda huo ziitavyo, hapungukiwi kitu: hesabu ni ile ile, na ndipo aonapo kuwa jina na kitu ni mbali mbali. Hilo nalo ni somo la kwanza la kompyuta.

Vivyo hivyo kwa amri. Mwaka 1967 Seymour Papert na wenzake huko Marekani walibuni lugha ya Logo, ambayo baadaye ilitumiwa na watoto kumwongoza kobe kwa maneno machache. Amri za namna hiyo, yaani mbele, kulia, kushoto, rudia, zaweza kutolewa uani, mtoto mmoja akiwa kobe na wenzake wakimwamuru. Akienda kombo, kosa litafutwe katika maneno ya waamuru.

Kwamba Kiswahili chaweza kuibeba kazi hii kumekwisha kuonekana mkoani Tanga. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 2,700 wa vijiji 170 walipewa kompyuta bapa zenye programu za Kiswahili, wajifunze wenyewe kusoma na kuhesabu kwa muda wa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni hesabu hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 tuzo iligawanywa kwa programu mbili, Kitkit School na onebillion. Lakini yafaa kutofautisha: huko kompyuta ilikuwa chombo cha kufundishia Kiswahili, hapa Kiswahili ndicho chombo cha kufundishia kompyuta.

Kazi iliyobaki, basi, ni ya wanalugha kama ilivyo ya wahandisi. Orodha za istilahi zipo. Zisizopo ni orodha fupi za watoto, zenye maneno machache, kila neno likiwa na maelezo yake, mpaka wa mfano wake, na jinsi linavyosikika kwa mtoto wa Kinyambo, wa Kihaya, au wa lugha nyingine yoyote ya nchi. Pasipo hizo, mtoto wa Chonyonyo atapewa mashine na kunyimwa njia ya kuizungumza, naye atabaki mtumiaji wa amri zilizotungwa na wengine.