Kisasi na musamaha katika romani za mapendo

Vijana wanatuuliza mara nyingi kama ni vizuri kusoma romani za mapendo. Sisi twajibu: tuangalie kwanza mwandishi anafanya nini na kisasi.

Katika «Le Comte de Monte-Cristo» ya Alexandre Dumas (1844-1846), baharia Edmond Dantès afungwa mwaka 1815, siku ya karamu ya uchumba wake. Danglars ameandika barua ya kumushitaki; Fernand, anayemutaka muchumba Mercédès, ameituma, na kisha anamuoa. Dantès akaa gerezani miaka 14. Anaporudi na mali nyingi, ajiona kuwa mukono wa Mungu, awaangusha adui zake mumoja mumoja. Musomaji anafurahi, tusikatae! Lakini mutoto mudogo, Édouard, anauawa na mama yake kwa sumu katika machafuko yale. Hapo Dantès anaogopa kwamba amepita haki yake, na Danglars, adui wa mwisho, anamwachilia. Basi wenye kusema kwamba Dumas asifu kisasi tu hawakufika mwisho wa kitabu. Walakini musamaha wake umechelewa: karibu deni yote imekwisha kulipwa.

Manzoni afuata njia ingine. Katika «I promessi sposi» (1827, kisha 1840-1842), bwana mukubwa Don Rodrigo azuia ndoa ya Renzo na Lucia mwaka 1628, kwa kumutisha paroko wao. Mwaka 1630 tauni inaenea Milano. Renzo amutafuta Lucia kati ya wagonjwa, akutana na Fra Cristoforo, Mukapusini. Asema: nisipomupata Lucia, nitamutafuta yule mwingine. Muzee akasirika sana. Naye zamani aliua mutu katika ugomvi wa njiani, juu ya nani ampishe mwenzake. Aliomba musamaha kwa ndugu wa marehemu, akapewa mukate, akatunza kipande. Amwongoza Renzo mpaka penye Don Rodrigo, anayelala bila fahamu.

Wengine watasema: kusamehe mutu anayekufa si kazi ngumu. Lakini Renzo amesamehe akiwa hajui bado kama Lucia ni muzima ao amekufa. Tena Don Rodrigo hawezi kusema neno la kuomba. Katika kitubio wangapi wanatuambia: «Nitasamehe, yeye atangulie kuja»? Renzo hakungoja.

Baadaye Lucia aonekana, muzima. Kipande kile cha mukate Fra Cristoforo awapa wachumba wawili, wawaonyeshe watoto wao.