Vyaelea, Vimeundwa

Visiwani kwetu maweni ni mengi na maji matamu ni ya kuhesabiwa. Si ajabu, basi, kwamba habari za akwaponiki, yaani kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, zinapokewa kwa shauku. Lakini pamoja na habari hizo huja dai kwamba mtambo ukishaanza hujiendesha wenyewe, na mwenyewe hubakiwa na kazi ya kuvuna tu. Dai hilo hatuna budi kulipima kabla fedha za umma na akiba za vikundi vya wananchi hazijazamishwa humo.

Kanuni yenyewe haina shaka. Samaki hutoa amonia; bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati; mboga huifyonza nitrati hiyo ikawa chakula chake, na maji humrudia samaki yakiwa safi.

Katika kisiwa cha St. Croix, James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virgin Islands waliendesha mtambo uliotoa takriban tani 5 za perege kwa mwaka, pamoja na mboga zilizoelea majini. Maji ya kuongezwa kila siku yalikuwa kama asilimia 1.5 tu ya maji yote. Hiyo ni sifa kubwa kwa kisiwa chochote.

Je, ulijiendesha? Hasha. Samaki walilishwa mara 3 kwa siku. Taka zao ziliondolewa. Kwa kuwa kazi ya bakteria huyatia maji uchachu, uchachu huo ulipimwa, na chokaa na potasi zikatiwa kwa zamu. Madini ya chuma yaliongezwa kila wiki 3. Na hapana muujiza: virutubisho vinavyotoka kwa sura ya samaki na mboga sharti viwe vimeingia kwanza, vingi vyavyo kwa sura ya chakula.

Kwetu sisi lipo zito zaidi, nalo ni umeme. Unguja ilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi 3, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu ikisimama, samaki waliosongamana tangini huweza kufa kwa saa chache tu.

Hatusemi mpango huu ukataliwe. Jembe, palizi na umwagiliaji hupungua kweli, uangalizi haupungui. Kwa hiyo tunawaomba watendaji wanaohusika wasiidhinishe mradi wowote kabla haujaandikwa waziwazi: nani atalisha, nani atapima maji, nani ataamka usiku umeme ukikatika, pampu ya akiba itaendeshwa kwa nguvu gani, na chakula cha samaki kitanunuliwa wapi na kwa bei gani. Kikundi kisichoweza kujibu hayo kipewe mafunzo kwanza, matangi baadaye.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi twaongeza: na vyahitaji nahodha kila siku.