Zilipendwa

Zilipendwa ni jina linalotumika nchini Tanzania kwa nyimbo za zamani ambazo bado zinasikilizwa kwa sababu ya kumbukumbu zinazobeba. Kwa kawaida hutajwa nyimbo za muziki wa dansi zilizorekodiwa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Nyingi zilipigwa na bendi za Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na Tabora. Katika Nyanda za Juu Kusini, bendi iliyovuma zaidi ilikuwa Tancut Almasi Orchestra ya mjini Iringa.

Jina

Neno hili linatokana na kitenzi "kupenda". Kiambishi zi- kinasimama badala ya "nyimbo", na -li- kinaonyesha wakati uliopita. Kwa maana ya moja kwa moja ni nyimbo ambazo watu walizipenda zamani, ingawa kwa matumizi ni zile ambazo bado zinapendwa. Hakuna umri maalumu unaoufanya wimbo uitwe hivyo. Katika mazungumzo ya kila siku neno hutumika pia kwa utani kuhusu nguo, magari au hata watu waliopitwa na wakati.

Enzi ya santuri

Katika miaka ya 1960 na 1970 wimbo mpya ulitolewa kwa santuri ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika. Santuri ya aina hiyo ililetwa sokoni na kampuni ya RCA Victor ya Marekani mwaka 1949, na ndiyo iliyobeba pia nyimbo za pop za Uingereza.

Upande mmoja wa santuri hiyo ulitosha dakika chache tu. Wimbo wa dansi, kwa upande wake, kwa kawaida ulikuwa na sehemu mbili: kwanza mashairi yanayoimbwa taratibu, kisha sehemu ya kasi ambapo magitaa na tarumbeta hutawala na watu hucheza. Kwa hiyo wimbo mrefu mara nyingi ulikatwa katikati. Sehemu ya kwanza iliwekwa upande A na ya pili upande B, na msikilizaji alilazimika kugeuza santuri ili kuumaliza.

Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha kufyatulia santuri, hivyo bendi zilitegemea Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata umaarufu akiwa na Morogoro Jazz Band, ni mmoja wa waliotoa santuri nyingi kwa njia hiyo hadi alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mnamo Januari 1979. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka hiyo njia ya kufikia viwanda vya Nairobi ilikuwa ngumu.

Redio na kaseti

Pengo hilo lilijazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), iliyorekodi bendi katika studio zake kwa kutumia kanda kubwa za sumaku. Kanda haikuwa na kikomo kifupi kama cha santuri, kwa hiyo wimbo uliweza kupigwa wote bila kukatwa. Hii ndiyo sababu nyimbo nyingi za miaka ya 1980 ni ndefu kuliko zile za santuri.

Rekodi hizo zilikuwa za kutangazwa, si za kuuzwa. Aliyetaka kuwa na wimbo alisubiri upigwe redioni akaurekodi kwenye kaseti yake, au alinunua kaseti iliyonakiliwa dukani bila mwanamuziki kupata chochote.

Hali hii inatofautisha kumbukumbu za Watanzania na za Waingereza. Huko Uingereza gazeti la New Musical Express lilianza kuchapisha orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi mnamo Novemba 1952, na wimbo hukumbukwa kwa nafasi uliyoshika na wiki ulizokaa. Tanzania haikuwa na orodha ya mauzo ya namna hiyo. Wimbo hukumbukwa kwa bendi, kwa ukumbi, au kwa kipindi cha salamu ambacho msikilizaji alitumia kadi akitaja majina ya ndugu na rafiki zake.

Iringa na Mbeya

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika ya umma, majeshi na jumuiya. Mwajiri alinunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mshahara. Tancut Almasi iliundwa kwa mfumo huo: mmiliki wake alikuwa TANCUT, kampuni ya umma ya kukata almasi iliyokuwa Iringa. Katika miaka ya 1980 ilikuwa na waimbaji pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, wenye asili ya Kongo, pamoja na mpiga gitaa na mwimbaji John Kitime. Kati ya nyimbo zake zinazokumbukwa ni "Butinini" na "Masafa Marefu".

Iringa na Mbeya ziko kwenye barabara kuu iendayo Zambia, na Mbeya pia iko kwenye reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Hata hivyo Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Kwa wakazi wengi wa nyanda hizi, bendi za mji mkuu zilikuwa sauti ya redio kabla ya kuwa watu jukwaani.

Uhifadhi na haki

Kwa kuwa nyimbo nyingi hazikuwahi kutolewa kwa santuri, kanda za RTD, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), ni hazina kuu ya muziki huo. Kanda za sumaku huharibika kwa joto, unyevu na umri. Wimbo ambao kanda yake imeharibika unaweza kubaki tu kwenye kaseti ya msikilizaji, au kupotea kabisa. Aidha, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, ilikuja wakati bendi nyingi za mashirika zilikuwa zimeshapoteza wadhamini wao na wanamuziki wametawanyika.

Siku hizi

Zilipendwa bado zina vipindi vyake redioni, na husikika sana kwenye harusi na kumbi za starehe. Mwaka 2017 wasanii wa WCB Wasafi, akiwemo Diamond Platnumz na Rayvanny aliyezaliwa Mbeya, walitoa wimbo uitwao "Zilipendwa" unaokumbusha mambo ya zamani. Nyimbo za kwanza za Bongo Flava nazo zimeanza kuitwa zilipendwa na waliozisikiliza wakiwa shuleni.

Tazama pia

Muziki wa dansi
Mbaraka Mwinshehe
Bongo Flava
Mkoa wa Iringa
Mkoa wa Mbeya