KUZAMIA BAHARINI: MCHEZO AU ELIMU?



Sisi watu wa mwambao tunayo methali isemayo, "Mwana maji wa Kwale, kufa maji mazoea." Wazee wetu waliitoa methali hii kwa kuwa waliyaona mengi baharini. Lakini vijana wengi wa leo huielewa kwa upande mmoja tu. Hudhani kwamba aliyezaliwa kando ya bahari hana la kujifunza juu ya bahari, na kwamba akifa maji, basi hayo ndiyo yaliyokuwa yamempasa. Fikira hii ina madhara makubwa, nasi twapenda kuizungumza leo kwa sababu ya jambo moja ambalo limekuwa likiulizwa sana na wazazi.

Hapa Kerege, katikati ya Bunju na Bagamoyo, kila likizo huja vijana wa jamaa zetu kutoka Dar es Salaam, na wengine kutoka Maskati na London. Wakikutana na wenzao wa hapa, mazungumzo huwa ni kwenda Unguja, au visiwa vya Mbudya na Bongoyo, kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa mgongoni. Wazazi hutuuliza sisi walimu: Je, jambo hili lafaa? Wako wasemao kuwa ni mchezo wa watalii usio na faida. Wako wasemao kuwa ni kuichezea roho. Na wako wasemao kuwa mtoto wa pwani hana haja ya kufundishwa maji na mgeni.

Jawabu letu ni kwamba kuzamia ni elimu kama elimu nyingine. Mwenye kuiingia kwa mlango wake hufaidika, na mwenye kuirukia dirishani huumia.

WAZAMIAJI WA ZAMANI

Kwanza ijulikane kwamba kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Lulu na marijani vimetajwa katika Kurani Tukufu, katika Surat Rahman, na watu wa Ghuba walizamia lulu kwa karne nyingi. Mzamiaji alijibana pua kwa kibanio kiitwacho fitam, akafunga jiwe mguuni, akashuka kwa pumzi moja tu. Juu ya chombo alikaa mwenziwe aliyeitwa saib, akishika kamba. Mzamiaji akiitikisa kamba ile, saib humvuta upesi. Wengi katika wazamiaji wale walikuwa watu wenye asili ya Afrika, na miongoni mwao walikuwamo waliochukuliwa utumwani kutoka mwambao wetu huu. Walitaabika kwa kazi na kwa madeni, mpaka biashara ile ilipoanguka katika miaka ya 1930, baada ya Wajapani kuzalisha lulu za kufuga.

Ama kuzamia kwa mtungi kulikoenea leo, asili yake ni mwaka 1943, Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walipotengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kwa kadiri ya pumzi yake na kwa kadiri ya kina alichofika. Hapo mtu akaweza kukaa chini ya maji si kwa pumzi moja, bali kwa muda wa nusu saa au zaidi. Lakini manufaa haya yalikuja pamoja na hatari ambazo mzamia lulu hakuwa nazo sana, nazo ndizo zinazofanya mafunzo yawe ya lazima.

SIRI YA PUMZI

Kila mita 10 za maji ya bahari zina uzito sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Basi mtu akiwa juu ya nchi hubeba uzito mmoja, akishuka mita 10 hubeba mbili, na akishuka mita 20 hubeba tatu. Mwenye kuvuta hewa ya mtungi katika mita 10, mapafu yake hujaa hewa iliyoshindiliwa mara mbili. Akishikwa na hofu, akaziba pumzi na kukimbilia juu, hewa ile hutanuka mpaka ikawa mara mbili ya nafasi yake, na mapafu huweza kupasuka. Kwa hiyo sharti la kwanza kabisa katika elimu hii ni kwamba mzamiaji asizibe pumzi kamwe. Na tazameni ajabu yake! Kijana wetu aliyezoea kupiga mbizi gatini amejifunza kuiziba pumzi tangu utoto wake. Mazoea yale yale aliyojivunia ndiyo yatakayomdhuru siku atakapovaa mtungi bila ya mwalimu.

Hatari ya pili ni hewa ya naitrojeni. Chini ya maji hewa hii huingia katika damu na nyama za mwili. Mtu akipanda taratibu, hutoka kwa njia ya pumzi bila ya madhara. Akipanda kwa haraka, hufanya mapovu mwilini, kama soda inavyotoka povu chupa ifunguliwapo ghafula. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, kupooza, na hata kifo. Mtaalamu John Scott Haldane wa Uingereza aliyachunguza haya kwa kuwatumia mbuzi, na mwaka 1908 akatoa majedwali ya kuwaongoza wazamiaji wapande kwa vituo. Leo wataalamu wengi hushauri kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama katika mita 5 kwa muda wa dakika 3 kabla ya kutoka.

Wako vijana katika mwambao wa Kenya na visiwa vya Zanzibar waliovalishwa mitungi na wafanyabiashara ili wakatafute majongoo ya bahari, bila ya kufundishwa lolote katika haya. Hushuka mara nyingi kwa siku moja, hupanda kama wapendavyo, na miongoni mwao wako waliorudi nyumbani wakiwa wamepooza miguu. Watu husema amepigwa na shetani wa bahari. Sivyo. Amepigwa na ujinga wa jambo ambalo lingeweza kufundishwa kwa siku chache.

MAFUNZO YENYEWE

Mafunzo ya mwanzo aghalabu huchukua siku tatu au nne. Sehemu ya kwanza ni masomo ya darasani, ya pili ni mazoezi katika maji yaliyotulia, na ya tatu ni kuzamia baharini mara nne pamoja na mwalimu. Katika utaratibu wa PADI, ambao ndio ulioenea sana, mwanafunzi huanzia umri wa miaka 10, naye hutakiwa aogelee mita 200 na aelee kwa dakika 10 bila ya kushika kitu. Kabla ya yote hujibu maswali juu ya afya yake. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au kifafa hana budi kumwona daktari kwanza. Wala asifiche. Kumficha mwalimu wa bahari ugonjwa wako ni kujidanganya nafsi yako.

Mwanafunzi hufundishwa kuondoa maji katika kioo cha uso, kukipata kifaa cha mdomoni kikimponyoka, na kumpa mwenziwe hewa. Hufundishwa kubana pua na kupuliza polepole ili masikio yasiumie, na kwamba mwenye mafua asizamie siku hiyo. Hufundishwa lugha ya mikono, kwani chini hakuna maneno. Kidole gumba kikielekezwa juu, maana yake si "vizuri" kama watu wa mjini wanavyofanya, bali ni "tupande." Na hufundishwa kwamba mtu hazamii peke yake, bali wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenziwe. Saib na kamba yake wameondoka, lakini haja ya mwenzi haikuondoka.

Mwenye kumaliza hupewa cheti cha kuzamia hadi mita 18, na watoto wa miaka 10 na 11 hadi mita 12. Hapa twawaonya vijana. Cheti hiki ni kama mtoto wa chuoni aliyezijua herufi zake. Twamfurahia, lakini hatumpeleki mbele akaswalishe watu. Asijaribu kwenda kina kingine, wala kuingia ndani ya jahazi lililozama, wala kuwafundisha wenziwe.

MAMBO YA KUYAULIZA

Mzazi anayetaka kumruhusu mwanawe na aulize mambo haya. Je, mwalimu ana cheti kilicho hai, na yuko tayari kukionyesha? Atachukua wanafunzi wangapi kwa mara moja? Chomboni mna hewa ya oksijeni ya kumpa aliyepatwa na dhara? Chumba cha kuwatibia wazamiaji kwa hewa ya kushindilia kiko wapi, na mgonjwa atafikishwaje? Mwalimu anayekasirishwa na maswali haya si mwalimu wa kumwachia mtoto.

Pia ajue majira. Maji ya upande wetu wa Bagamoyo huchafuka mara kwa mara kwa tope la mto Ruvu, na mvua za masika huzidisha. Ndiyo sababu vijana huenda Unguja, au katika visiwa vya Dar es Salaam. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimekuwa hifadhi tangu mwaka 1975, na marijani yake hayaguswi wala hayakanyagwi, kwani hukua polepole mno. Na kwa wale wanaorejea kwa ndege, hata iwe ndege ndogo ya Unguja na Dar es Salaam, yapasa wangoje saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ikiwa wamezamia mara nyingi.

Ama ibada, elimu hii haiizuii kwa mwenye kuipangia. Muulize nahodha saa ya kuondoka na ya kurudi, ili sala isipite. Na mwenye saumu aache kuzamia mpaka Ramadhani iishe, kwani maji huingia kinywani, na mwili uliokaukiwa na maji huzidi hatari ya yale mapovu tuliyoyataja.

Watoto wa kike nao wasisahauliwe. Mama zetu hulima mwani katika maji ya pwani, na wengi wao hawajui kuogelea. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na walimu wanawake na mavazi yanayositiri mwili mzima. Basi sitara na elimu vimekaa pamoja, na anayesema haviwezekani hakutazama.

KWA NINI YATUHUSU

Huenda msomaji akasema: haya yote ni ya nini kwa mtu asiyetaka kutazama samaki? Tukumbuke usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi na mamia ya watu wakapotea. Tukumbuke tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka katika feri ya Likoni, Mombasa, likiwa na mama na binti yake mdogo. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha karibu mita 58. Siku zote hizo jamaa zao walikaa kando ya maji wakingojea kuzika. Katika misiba yote miwili waliitwa wazamiaji kutoka Afrika Kusini. Kuzika maiti ni faradhi ya kutoshelezana, na pale maiti anapokuwa chini ya bahari, faradhi hiyo haitimizwi na asiyejua kuzamia.

Wala si kwa maiti tu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, katika Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 200 walikufa. Lakini siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Mtu mmoja aliyekwisha kuliliwa alirudi kwa jamaa zake, kwa kuwa walikuwapo waliojifunza.

Hatusemi kwamba kijana wa likizo mwenye cheti cha mita 18 ataweza kazi ya mita 58. Hiyo ni kazi ya waliofundishwa kwa miaka. Lakini hakuna aliyefika huko ila alianza kwa herufi za mwanzo. Twajivunia bahari, twala samaki wake, nasi ni wachache mno kati yetu tuliokwisha kuitazama chini yake kwa elimu.

Ada ya mafunzo si ndogo, wala haifai mtu kuingia katika deni kwa ajili yake. Anayeweza kumlipia mwanawe na amlipie, badala ya kumnunulia simu ya pili. Asiyeweza, na aanze kwa lisilo na gharama: kuwafundisha watoto wote wa nyumba yake kuogelea na kuelea, wa kiume na wa kike, chini ya uangalizi wa mtu mzima. Na jamaa wa vijiji vya pwani, kutoka Kerege hadi Mlingotini na Kaole, wangechanga wakampeleka kijana mmoja au wawili kila mwaka, baada ya miaka michache tungekuwa na watu wetu wa kuwaita siku ya dhiki. Jirani yetu hapo Mbegani kuna chuo cha uvuvi. Wakubwa wa vijiji na waende wakaulize ni msaada gani wa mafunzo ya baharini unaoweza kupatikana.

Wabillahi taufiki.