Fahamu: Nani huwasemea wakimbizi wa Kasulu na Kibondo?

Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma nchini Tanzania, na Kirundi husikilizana, kwa hiyo sokoni Kibondo mkimbizi Mrundi hatambuliki kirahisi. Sheria ndiyo inayomtambua: ile ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka aishi eneo lililotengwa na atoke kwa kibali.

Katika kambi za Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta, iliyofunguliwa tena Kibondo mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, wakimbizi wamekuwa wakichagua viongozi wao. Hao hupeleka malalamiko ya mgao, kuni na usalama kwa mkuu wa kambi, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kwa mambo ya kambini husikika. Sera kubwa ni habari nyingine: mwaka 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika uchumi, na mkimbizi hana kura wala mbunge wa kumwuliza.

Linganisha na Wamakonde wa Kenya: waliokaa miongo kadhaa bila uraia, walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 wakisindikizwa na mashirika ya haki. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Mkimbizi wa Nyarugusu akijaribu hivyo bila kibali, anavunja sheria hata kabla hajafika Kasulu mjini.