Kabla ya Kubadilisha Windows ya Tarakilishi Kuukuu

Ukiona kurasa za mashairi katika toleo hili ni chache, usimlaumu mhariri. Mkosaji ni mimi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nami niliuacha mchana kweupe, ndani ya chumba cha tarakilishi.

Tarakilishi ya chama chetu ilikuwa inatumia Windows 7. Mfumo huo ulitolewa mwaka wa 2009, na tarehe 14 Januari 2020 kampuni ya Microsoft ikaacha kuutengenezea viraka vya usalama. Maana yake ni kwamba mashine inawaka kama kawaida, lakini tundu jipya likionekana hakuna wa kuliziba. Virusi vinavyobebwa na flashi zetu vinaingia kama mbuzi katika shamba lisilo na ua. Fauka ya hayo, programu mpya zinaukataa mfumo huo. Chrome, kwa mfano, iliacha kuutolea matoleo mapya mwaka wa 2023. Kwa hivyo sababu ya kuhama ilikuwepo.

Lakini kuhamia wapi? Wengi wetu tunadhani ukitaka kupanda, unapanda hadi juu kabisa. La hasha! Windows 11, iliyotoka mwaka wa 2021, inadai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, prosesa ya biti 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Yetu ina kumbukumbu ya GB 2 tu. Windows 10 ya biti 64 inaridhika na hizo GB 2, na ile ya biti 32 inaridhika hata na GB 1. Tukaichagua Windows 10, ingawa muda wake wa kawaida wa kutunzwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Yaani tulimwacha mzee mgonjwa tukaenda kukaa na mzee aliyestaafu juzi! Baadaye huenda tukajaribu Linux, ambayo haina ada.

Sasa hapa ndipo nilipoteleza. Njia ni mbili. Ya kwanza, unaiwasha mashine na Windows yake ya zamani, unachomeka flashi yenye mfumo mpya (iwe ya GB 8 au zaidi), kisha unaanzisha usakinishaji ukiwa humo humo. Ukiulizwa, unachagua kubaki na faili zako. Ya pili, unaiwasha mashine kwa ile flashi yenyewe. Ukipitia huku, chaguo la kubaki na faili halikubaliki. Unawekewa mfumo mtupu. Vilevile huwezi kutoka biti 32 hadi biti 64 kwa njia ya kwanza.

Mimi nilipitia ya pili kwa sababu niliona ni ya haraka. Hata hivyo ningeweza kuokoka, kwa kuwa mfumo mpya ukiwekwa bila kufuta diski, vitu vya zamani huhifadhiwa katika folda iitwayo Windows.old. Lakini mimi, kwa ujuaji, nilibonyeza kufuta kwanza. Mashairi yote ya wenzetu waliomaliza Kidato cha Nne yakaenda na maji. Hayakuwa yamenakiliwa popote, hata kwenye flashi ya shilingi mia tano! Mwalimu mlezi alinitazama tu, akanyamaza. Heri angenigombeza.

Basi kabla ya kugusa chochote, nakili faili zako mahali pawili, kisha zifungue huko uone kama zinafunguka. Uchague pia siku isiyo na mvua. Hapa Runyenjes stima ikipotea katikati ya kazi, mashine isiyo na betri inaweza kukataa kuwaka kabisa.

Mpaka sasa nimechapa upya mashairi manne kutoka daftari za wenyewe. Lile la kahawa, lenye beti kumi na mbili, bado sijalipata. Aliye na nakala, hata ya mkono, aniletee chumba cha tarakilishi saa kumi jioni.